Kivuli cha Saa Sita Mchana

Usiku wa kuamkia Jumatano ya tarehe 23 Septemba 2026, saa tisa na dakika tano kwa saa za Afrika Mashariki, jua linavuka ikweta likitoka kaskazini kwenda kusini. Mwaka 2025 lilivuka tarehe 22, saa tatu na dakika 19 usiku. Ulaya na Amerika ya Kaskazini huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa msimu wa kupukutika majani, na picha za misitu yao iliyogeuka rangi hutufikia hadi kwenye simu zetu. Watoto wetu wanazijua. Waulize wanafunzi wa darasa la sita pale Tanga dunia ina misimu mingapi. Wengi watakujibu minne, na wataitaja kwa Kiingereza pamoja na theluji yake. Waulize kusi huipisha kaskazi mwezi gani, utalisubiri sana jibu.

Jambo hilo linaniuma, kwa sababu tukio lenyewe ni letu kuliko la mtu mwingine yeyote. Mkazi wa London hawezi kuliona kwa macho. Jua lake la tarehe 23 Septemba limeinama upande wa kusini kama lilivyoinama wiki iliyopita, limeshuka kidogo tu, na asipotazama kalenda hana cha kumwambia kwamba limevuka mahali. Sisi tulio kati ya Nanyuki na Mtwara tunapitiwa na jua utosini. Tunaona kivuli kikifupika siku hadi siku, kikafika miguuni, kikatokea upande wa pili. Hakuna msitu wa Ulaya unaoweza kuonyesha mgeuko wa majira kwa uwazi huo.

Chanzo chake kinajulikana. Dunia imeinama kwa nyuzi 23.4, na haibadilishi mwinamo huo inapolizunguka jua. Mwezi wa Juni upande wa kaskazini ndio unaolielekea jua, Desemba ni zamu ya kusini, na katikati ya safari, Machi na Septemba, hakuna upande unaopendelewa. Ndiyo ikwinoksi: usiku na mchana hukaribia kulingana dunia nzima. Lakini kulingana huko kwetu si habari kubwa. Kwenye ikweta mchana una saa 12 na dakika kama saba kila siku ya mwaka, Januari hadi Desemba, na dakika hizo saba zinatokana zaidi na hewa kuupinda mwanga jua linapochomoza na linapotua. Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya ukweli huo: tunaanza kuhesabu kunapokucha, na saa sita ya mchana inakuta jua juu. Hesabu hiyo ingemshinda mtu wa London, ambako mchana wa Juni unapita saa 16 na wa Desemba haufiki saa 8. Walioitunga saa hiyo walijua wanaishi sehemu gani ya dunia.

Kwa hiyo Septemba, tusitazame machweo wala macheo. Tutazame saa sita.

Wanaofika kwenye mabango ya ikweta, Nanyuki kwa upande wa Kenya na Kayabwe kwa upande wa Uganda, huonyeshwa maji yakizunguka ndani ya karai. Ukisimama hatua chache kaskazini yanazunguka upande huu, ukihamia kusini yanazunguka upande ule, na ukiwa mstarini hayazunguki. Maelezo yanayotolewa si ya kweli. Mzunguko wa dunia hupinda vimbunga na pepo za bahari, vitu vya ukubwa wa mamia ya kilomita; karai la maji ni dogo mno, na hatua kumi kutoka ikweta si umbali wa kuhesabika. Maji yanafuata namna yalivyomiminwa. Nalitaja hili kwa uchungu, maana mahali hapohapo, tarehe 22 au 23 Septemba, mnamo saa sita na dakika 24 mchana kwa Nanyuki, nguzo ya bango husimama bila kivuli pembeni, na jambo hilo ni la kweli kabisa. Muujiza wa bure umeachwa nje, kukaletwa wa kubuni.

Kutoka Nanyuki jua la utosi linateremka kusini taratibu, kiasi cha kilomita 43 kwa siku. Linapita Nairobi kama tarehe 26 Septemba, Mombasa tarehe 3 Oktoba, Dar es Salaam tarehe 10, Mtwara karibu na tarehe 20. Linakwenda hadi Tropiki ya Kaprikoni mwezi wa Desemba, kisha linarudi: Mtwara karibu na tarehe 22 Februari, Dar es Salaam tarehe 3 Machi, Mombasa tarehe 10. Katika kila moja ya safari hizo mbili, kivuli cha adhuhuri kinabadili mwelekeo. Mkazi wa Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mapema Oktoba, kivuli chake cha saa sita kinaanguka kusini. Kuanzia hapo hadi Machi kinaanguka kaskazini.

Sasa linganisha na upepo. Kusi, upepo utokao kusini, unashika Aprili na kuvuma hadi Septemba. Unafifia siku za demani. Kaskazi, utokao kaskazini, unaanza kunyemelea Novemba, unakomaa Desemba na kudumu hadi Machi. Yaani, ukiacha wiki chache za kuchelewa, kivuli chako cha saa sita kinakuonyesha upepo unakotoka. Si sadfa. Jua likiwa kaskazini yetu linalipasha moto bara la Asia, hewa ya huko inakuwa nyepesi na kupanda juu, na hewa ya baharini kusini inavutwa kwenda kujaza nafasi. Tunaipokea njiani na kuiita kusi. Jua likihamia kusini, Asia inapoa, mvuto unageuka, na kaskazi inateremka. Kivuli kinaelekea upande ulio kinyume na jua, na upepo unatoka huko huko kulifuata jua. Mabaharia wa Lamu, Pemba na Kilwa waliishi ndani ya ukweli huu kwa karne nyingi, na majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, mwaka baada ya mwaka. Lugha ninayoiandika hapa ilikulia katika miezi ya kungoja upepo ugeuke.

Anayetaka kujua gharama ya kuudharau mgeuko huo atazame safari ya Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, kusi ikiwa ndiyo inaanza. Tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut. Chini ya mwezi mmoja. Wakati wa kurudi aliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba, wiki kama tatu baada ya jua kuvuka ikweta, pepo zikiwa hazijaamua. Hiyo ndiyo tanga mbili, kipindi ambacho nahodha mwenye akili anakaa bandarini, anapaka chombo chake mafuta ya sifa na kushona matanga. Meli za Wareno zilielea katikati ya bahari, mara shwari, mara upepo wa mbele. Walifika Malindi tarehe 7 Januari 1499, baada ya miezi mitatu. Watu kama 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, na waliobaki wakawa wachache mno kuendesha meli zote, hata wakaichoma moto moja, São Rafael, kwenye mwambao wa Tanga. Baharini ilikuwa njia ileile. Kilichotofautiana ni tarehe, na tarehe hiyo kila baharia wa pwani yetu angeweza kuwaambia.

Elimu hiyo ilikuwa na kalenda yake. Mwezi wa Kiislamu unafuata mwandamo, kwa hiyo Ramadhani inazunguka katika misimu yote na haiwezi kumwambia mkulima apande lini. Watu wa pwani waliitunza kalenda nyingine ya jua kando yake, Nairuzi, yenye asili ya Uajemi: siku 365 zilizogawanywa katika miongo, kila mwongo siku kumi, 36 kwa mwaka na siku tano za ziada. Mkulima alijua mwongo wa kulima na wa kupanda, nahodha alijua mwongo wa kushusha chombo na wa kukipandisha. Mwanzo wa mwaka huo ndio Mwaka Kogwa, ambao Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanausherehekea kila Julai hadi leo. Wageni wengi wanaokwenda kutazama wanaume wakipigana kwa mashina ya migomba na kibanda kikichomwa moto hawaambiwi kwamba wanaingia katika mwaka wa wakulima na mabaharia.

Kalenda ya Nairuzi ina kasoro moja kubwa, na sitaificha. Mwaka wa jua ni siku 365 na karibu robo; ndiyo sababu kati ya Septemba ya 2025 na ile ya 2026 saa ya kuvuka ikweta imesogea kwa karibu saa sita. Kalenda ya siku 365 tupu huiacha robo hiyo, ikapoteza siku moja kila miaka minne, na kwa karne moja inateleza zaidi ya siku 20. Wairani waliurekebisha mwaka wao: Nowruz yao imefungwa kwenye ikwinoksi ya Machi, na mwezi wao wa Mehr unaanza na hii ya Septemba. Mtu akiichukua leo hesabu ya miongo kama ilivyosemwa zama za babu wa babu yake na kupanda kwa kuifuata bila kuirekebisha, atapotea. Hesabu hiyo inahitaji kurudishwa kwenye kigingi chake, na kigingi ni jua.

Hoja ninayoisikia mara nyingi, hasa kwa vijana waliosoma, ni kwamba yote haya yamepitwa na wakati. Mabadiliko ya tabianchi yamevuruga misimu, wanasema, vuli haina tena tarehe, na mzee anayekwambia mvua itakuja mwongo fulani anabahatisha. Naielewa hoja hiyo, na ina damu ndani yake. Mwaka 2019 vuli ilinyesha hadi kufurika, kutoka Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 kaskazini mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia walikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Vuli ya 2023 ikarudi na gharika; tarehe 3 Desemba tope la Mlima Hanang likauangukia mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Nani atamtuma mkulima kwa wazee baada ya hayo?

Lakini tuangalie vizuri ni nini kilichovurugika. Jua halijachelewa hata dakika. Linapita Tanga tarehe 6 Oktoba kama lilivyopita wakati wa Wadachi na kabla yao. Kinachoyumba ni bahari inayolipokea joto la jua hilo. Mwaka 1999 wanasayansi, wakiwamo N.H. Saji na Toshio Yamagata, walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyoelemea upande mmoja: kuna miaka maji ya upande wetu yanapata joto kuliko kawaida huku ya Sumatra yakipoa, na mvua ya vuli inafurika kwetu, kuna miaka mambo yanageuka na vuli inakauka. Mwaka 2019 mwelemeo huo ulikuwa miongoni mwa mikali kuliko yote iliyowahi kupimwa. Kwa sababu bahari hubadilika polepole, vuli inatabirika mapema kuliko masika, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wake kabla msimu haujaanza. Utabiri huo unasema mvua itakuwa juu ya wastani au chini yake, itawahi au itachelewa.

Itachelewa kulinganisha na nini? Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Neno la mtabiri linamfaa mkulima pale tu anapojua mvua ilipaswa kufika lini. Bila kigingi, "itachelewa wiki mbili" ni sauti ya redio inayopita. Kwa mwenye kujua kwamba jua la utosi limepita kwake tarehe 6 Oktoba, na kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua baada ya wiki kadhaa, taarifa hiyo inageuka kuwa mpango: mbegu ya mahindi ya muda mfupi au ya muda mrefu, kukodi trekta sasa au kungoja. Mvua inapotangatanga, ndivyo jua linavyozidi kuwa la thamani, kwa kuwa ndilo pekee lisilotangatanga.

Kuchelewa kwenyewe kuna sababu ambayo mtoto anaweza kuielewa. Bahari ni sufuria kubwa juu ya moto mdogo; haichemki pale unapowasha. Jua linaweza kuwa utosini Dar es Salaam mwezi wa Oktoba, lakini joto linalokera hasa ni la Januari na Februari. Ndiyo maana ule ujumbe unaosambazwa kila mara kwenye WhatsApp, kwamba ikwinoksi italeta siku tano za joto la nyuzi 40 na watu wajifungie ndani, hauna msingi. Nausikitikia, maana kwa wengi wetu ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kulisikia jambo hili likitajwa.

Wapo viumbe wanaolijua bila kuambiwa. Mbayuwayu wa Ulaya hutufikia Septemba na Oktoba, wakikimbia ubaridi unaokuja nyuma yao. Kinachonigusa zaidi ni kereng'ende. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe wa bahari aliyeishi Maldivi, alichapisha mwaka 2009 maelezo ya makundi ya kereng'ende yanayotokea visiwani humo kila Oktoba, visiwa visivyo na mto hata mmoja, yakitoka upande wa India na kuendelea kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki. Wadudu wenye uzito chini ya gramu moja wanapanda upepo wa juu unaolifuata jua kwenda kusini, na wanatua kwetu wakati vidimbwi vya vuli vimejaa, ndimo wanamotaga. Mtoto anayewakimbiza uwanjani mwezi wa Novemba anakimbiza wageni waliovuka Bahari ya Hindi, kwa njia ileile ya majahazi, na hakuna mwalimu anayemwambia.

Ninachokiomba kwa wanaotunga mitaala yetu, Dodoma na Nairobi, si kitu cha gharama. Kila shule ya msingi isimamishe fimbo ya mita moja uwanjani, wima kabisa, na watoto waweke alama ya ncha ya kivuli cha adhuhuri kila Ijumaa. Kando yake kiwekwe kipima mvua. Wakimaliza mwaka watakuwa na kalenda ya mahali pao, iliyotoka mikononi mwao, na miaka ikipita shule itakuwa na daftari la kuonyesha mvua imesogea kiasi gani kutoka kwenye jua. Wazee wa kijiji waitwe waje na miongo yao, iandikwe pembeni ya alama hizo kabla hawajaondoka nayo. Idara za hali ya hewa nazo zitaje tarehe ya jua la utosi ya kila mkoa zinapotoa mwelekeo wa vuli.

Na kuna somo ambalo linaweza kufanywa na shule mbili tu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene iliyo Libya ya leo, alipima ukubwa wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha Alexandria na jua la utosi la Aswan. Afrika Mashariki ina jozi ya miji bora kuliko hiyo. Mombasa na Mtwara ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kilomita kama 690. Tarehe 3 Oktoba, kiasi cha saa sita na dakika kumi, fimbo ya Mombasa haina kivuli. Wakati huohuo fimbo ya mita moja ya Mtwara ina kivuli cha sentimita 11 kinachoelekea kusini, ambacho ni sawa na pembe ya nyuzi 6.2. Duara zima lina nyuzi 360, karibu mara 58 ya pembe hiyo. Zidisha 58 kwa 690, unapata kilomita 40,020, na mzingo wa dunia ndio huo, 40,000 na ushei. Walimu wawili, simu mbili, fimbo mbili. Mtoto aliyeipima dunia kwa kivuli cha uwanja wa shule yake hatahitaji kuambiwa kwamba sayansi inamhusu.

Shule zinazotaka kuanza zina tarehe za kutosha. Kigali na Lamu ni kama tarehe 28 Septemba, Mwanza tarehe 29, Bujumbura tarehe 1 Oktoba, Tanga tarehe 6, Dodoma na Unguja tarehe 8 au 9, Lubumbashi tarehe 23 au 24. Fimbo ipigwe timazi, ardhi isawazishwe, alama zianze kuwekwa robo saa kabla ya jua kufika juu. Mawingu yakilifunika siku yenyewe, wangoje kesho yake: kivuli cha fimbo ya mita moja kitakuwa bado hakijafika sentimita moja.